Wa Kwanza Kijijini, wa 97 Darasani: Uchambuzi wa Kisa cha Kidato cha Kwanza Katika Shule ya Vipaji Maalumu

Mhusika wa kisa hiki ni msichana wa miaka 13 aliyemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali kijijini, akapangiwa shule ya bweni ya vipaji maalumu. Kisa kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia katika shule za aina hiyo. Hakuna mtoto mmoja halisi anayeelezwa hapa, na alama zimewekwa ili msomaji aweze kuifuata hesabu mwenyewe.

Januari aliagwa mstarini, mwalimu mkuu akamtaja kuwa mfano kwa wadogo zake. Machi, matokeo ya katikati ya muhula yalibandikwa ubaoni: wastani 37, nafasi ya 97 kati ya 126. Ndani ya wiki mbili aliacha kunyoosha mkono darasani, akaanza kuamka saa 8 usiku kusoma kwa tochi chini ya shuka, na akamwomba baba yake kwa simu ya matroni amhamishie shule ya kutwa karibu na nyumbani. Baba akajibu, "Wewe una akili mwanangu, umeingiwa na nini huko?" Mwalimu wa darasa akaandika kwenye ripoti: "Aongeze bidii."

Bidii alikuwa nayo, tena ya kupitiliza. Na hakuna kilichomwingia. Ila majibu hayo mawili ndiyo anayoyasikia karibu kila mtoto anayeporomoka mahali kama hapa, na yote mawili yanamfikisha kwenye hitimisho moja: kwamba ile akili ilikuwa ya kubahatisha.

Alivyofika pale

Tanzania Bara ina shule saba za serikali zinazojulikana zaidi kwa jina la vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora Wavulana kwa upande wa wavulana, na Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana kwa upande wa wasichana. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, hizi ndizo zinazopangiwa wenye ufaulu wa juu zaidi, kabla ya bweni za ufundi, bweni za kawaida na shule za kutwa. Jina linasema kipaji, lakini kinachopimwa ni ufaulu wa mtihani. Mtoto akishafika, hakuna mtaala wa pekee unaomsubiri. Muhtasari ni ule ule wa shule ya kata, na mtihani wa kidato cha nne ni ule ule wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Kilicho maalumu hasa ni kwamba watoto wa aina yake wamekusanywa chumba kimoja, na walimu wanakwenda mbio kwa sababu wanajua wamepewa watoto wepesi.

Sasa tazama matokeo yake. Masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Alipata A katika Hisabati, Kiswahili, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, na Uraia na Maadili. English alipata B, yaani kati ya 31 na 40. Wastani wa jumla ni A, na kijiji kizima kiliisoma hiyo A. Masomo matano kati ya sita aliyafanya kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya maswali ilikuwa ya kuchagua jibu na kusiliba kwenye fomu. Kidato cha kwanza, kwa mtaala wa wakati huo, alisoma masomo tisa, na nane kati yake yalifundishwa na kuandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo ile B moja, ambayo hakuna aliyeitazama mara ya pili, ndiyo iliyokuwa kipimo pekee cha lugha ambayo angeisomea karibu kila kitu. Tena ilipima kusoma sentensi na kuchagua. Kuandika aya haikupima.

Kozi ya Kiingereza ya wiki chache za mwanzo ilikuwepo. Ilimfundisha salamu, nyakati za vitenzi na kujitambulisha mbele ya wenzake. Maneno ya maabara na ya karatasi za mitihani hayakuguswa.

Yanayoondolewa kwanza

Kabla ya kugusa masomo, mwalimu wa malezi hupita kwenye orodha fupi ambayo wengi huiruka. Macho ni ya kwanza: mtoto aliyekaa kiti cha mbele shule nzima ya msingi anaweza kufika kidato cha kwanza bila kujua kwamba haoni mbali, na siku anapopangwa safu ya sita ndipo ubao unageuka ukungu. Mpe asome mstari wa ubaoni akiwa nyuma ya darasa, jicho moja moja. Yanafuata masikio, malaria isiyoisha, upungufu wa damu, maumivu ya hedhi yanayomweka bwenini siku mbili kila mwezi, chakula kisichomkalia, na uonevu wa dada wa vidato vya juu. Binti huyu hakuwa na lolote kati ya hayo, ila usingizi. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 8 ni saa nne, na mtoto wa miaka 13 hawezi kushika somo la Fizikia la saa 5 asubuhi kwa usingizi wa saa nne.

Kama katika hatua hii mtoto angekuwa hajala kwa siku kadhaa, au anazungumzia kujidhuru, mambo ya alama yangewekwa kando na angefikishwa kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Hilo halina mjadala.

Karatasi zenyewe

Alama za Machi: Hisabati 38, Fizikia 31, Baiolojia 29, Kemia 33, Historia 24, Jiografia 36, Uraia 27, Kiswahili 81, Kiingereza 34. Jumla 333, gawa kwa 9, unapata 37. Ukizitazama hivi zilivyo, jambo moja linaruka machoni: somo moja lisilotumia Kiingereza lina 81, mengine yote yako chini ya 40. Mtoto mvivu hapati 81 kwa bahati. Lakini kushuku lugha ni jambo moja, na kujua ni alama ngapi imekula ni jingine. Ndipo zinapotakiwa karatasi za majibu.

Kazi inachukua kama dakika 40 kwa somo moja, na mtoto anakaa pembeni. Kila alama iliyopotea inawekwa kwenye kapu moja kati ya manne: hakuelewa swali; alielewa na alijua, ila akashindwa kuandika; hakujua jibu; alijua ila muda uliisha au alikosea kizembe. Usiamue peke yako. Muulize, "Hapa uliulizwa nini?" halafu unyamaze. Katika Baiolojia alikosa alama 71, nazo ziligawanyika hivi: 26 hakuelewa swali, 21 alishindwa kuandika, 17 hakujua, 7 za muda na uzembe. Yaani 47 kati ya 71, theluthi mbili, zilikufa mlangoni kabla Baiolojia yenyewe haijaguswa.

Mifano miwili inaonyesha zilivyokufa. Swali liliandikwa "State three laboratory rules". Yeye alikuwa ametafuta "state" kwenye kamusi, akapata dola, jimbo, hali, akaamini swali linahusu hali ya maabara. Akaandika kwamba maabara ni kubwa, safi na ina madirisha. Sifuri. Kanuni tano za maabara alikuwa amezikariri na alizitaja zote mdomoni bila kusita. Mfano wa pili ni wa Hisabati, ambako watu hudhani lugha haina kazi: andika 0.00596 kwa "two significant figures". Jibu lake lilikuwa 0.01. Ukiangalia haraka unasema hajui kukadiria. Ukweli ni kwamba alikadiria sawasawa kabisa kwa nafasi mbili za desimali, kama alivyozoea shule ya msingi, kwa sababu maneno "significant figures" hayakumwambia chochote na namba mbili aliiona. Alipoelezwa kwa Kiswahili kwamba sifuri za mwanzo hazihesabiwi, anza na 5, alitoa 0.0060 papo hapo, na akauliza mwenyewe kwa nini ile sifuri ya mwisho haifutwi. Swali hilo la mwisho ni la mtoto mwenye kichwa cha hesabu.

Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi. Chagua maswali kumi ya Machi, mpe tena kwa maandishi ya Kiingereza, na siku mbili baadaye muulize hayo hayo kwa mdomo kwa Kiswahili. Alipata 3 kwa Kiingereza na 7 kwa Kiswahili. Pengo la 4 ni lugha. Yale 3 aliyokosa hata kwa Kiswahili ni somo lenyewe, nayo yanahitaji tiba nyingine. Pengo likiwa dogo, tuseme 5 kwa 6, basi tatizo haliko kwenye lugha na mpango ufuatao hautamsaidia sana.

Hajawahi kusoma

Yale maswali matatu aliyokosa hata kwa Kiswahili yalifichua jambo ambalo kwa watoto hawa ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa miaka saba alikuwa anasikia mara moja na inatosha. Wenzake walipokuwa wanarudia, yeye alikuwa amemaliza na anasahihisha madaftari ya mwalimu. Hakuwahi kulazimika kujifunza namna ya kusoma jambo lisiloingia mara ya kwanza. Prepo, yaani kipindi cha kujisomea cha saa 1 usiku hadi saa 3 na nusu, aliitumia kunakili upya notisi za mchana kwa kalamu za rangi tatu, vichwa vimepigwa mstari kwa rula. Madaftari yake yalikuwa mazuri kuliko ya wote. Kunakili kunachosha mkono, kunaridhisha macho, na hakuachi kitu kichwani. Alipoona hakuna kinachobaki, akaongeza saa za usiku za kufanya kile kile.

Akahamia pia kwenye kukariri aya nzima za Kiingereza asizozielewa. Kukariri kunalipa swali likija kwa maneno yale yale ya daftari. Neno moja likibadilishwa, jengo lote linaanguka, na mtoto anatoka chumba cha mtihani akiapa kwamba alisoma. Kweli alisoma.

Nafasi ya 97 maana yake nini

Hapa ndipo wazazi wanapopotea zaidi. Darasa la watoto 126 ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza au wa pili shuleni kwake lina nafasi moja tu ya kwanza. Karibu wote waliobaki lazima washuke, hata kama wote wamefanya vizuri kuliko walivyowahi kufanya. Isitoshe, baadhi ya waliokuwa juu yake mwezi Machi walitoka shule za mchepuo wa Kiingereza, ambako mtihani wa darasa la saba hufanywa kwa Kiingereza. Watoto hao walikutana na "significant figures" wakiwa na akiba ya miaka saba ya lugha. Msimamo wa Machi wa kidato cha kwanza kwa sehemu kubwa ni msimamo wa nani alianza Kiingereza lini, na kuubandika ubaoni kwa majina ni ukatili usio na faida yoyote ya kielimu.

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1984 watafiti Herbert Marsh na John Parker waliuliza kama ni heri kuwa samaki mkubwa kwenye bwawa dogo. Mwaka 2003 Marsh na Kit-Tai Hau walitumia takwimu za wanafunzi zaidi ya 100,000 wa miaka 15 kutoka nchi 26, wakaona mwelekeo ule ule: ukichukua wanafunzi wenye uwezo sawa, aliye katika shule yenye wastani wa juu hujiona dhaifu zaidi kuliko mwenzake aliye shule ya kawaida. Mtoto hajipimi kwa dunia nzima. Anajipima kwa aliyeketi dawati la pembeni.

Mpango wa wiki kumi

Hatua ya kwanza ilikuwa usingizi: taa kuzimwa saa 4, kuamka saa 11 alfajiri, tochi ikabaki kwa matroni. Alilia siku mbili. Mtoto anayeogopa huiona tochi kama silaha yake pekee, hivyo isichukuliwe bila kupewa kitu badala yake.

Alichopewa ni daftari la safu tatu. Safu ya kwanza neno la Kiingereza kama lilivyo kwenye swali au notisi, ya pili maana yake kwa Kiswahili kwa maneno yake mwenyewe, ya tatu sentensi aliyoitunga yeye kwa Kiingereza. Maneno 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 10: maneno 400. Wiki ya kwanza na nusu ya pili zilikuwa za maneno ya kuamuru tu, yale yanayosema ufanye nini: state, define, outline, distinguish, account for, give reasons, mention. Hayo hayaongezeki mwaka hadi mwaka, na yamo katika kila somo. Kamusi ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili inatumika, ila kwa sharti moja: soma maana zote, rudi kwenye swali, chagua inayokaa. Kuchagua maana bila kurudi kwenye swali ndiko kulikomletea "hali".

Prepo ikapangwa upya. Dakika 10 za kwanza mada inaelezwa kwa Kiswahili, na msichana wa kidato cha pili au mwenzake anayeielewa. Dakika 20 anasoma notisi za Kiingereza. Kisha daftari linafungwa, na kwa dakika 10 anaandika sentensi tano za Kiingereza bila kuchungulia. Dakika 5 za mwisho anafungua na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Ni dakika 45, hivyo prepo ya saa mbili na nusu inabeba mizunguko mitatu na muda kidogo wa kupumua. Kalamu za rangi zilibaki kwa ajili ya Jiografia.

Na baba alielekezwa cha kuuliza kwenye simu. Nafasi asiiulize. Aulize, "Wiki hii umejua kueleza nini ambacho wiki iliyopita hukujua?" Alisahau mara mbili, akauliza nafasi. Ndivyo wazazi walivyo.

Palipoharibika

Wiki ya nne mpango ulikwama, na chanzo kilikuwa kanuni ya shule ya kutozungumza Kiswahili darasani wala bwenini. Anayekamatwa anaandikwa jina. Nia ya kanuni inaeleweka, lakini kwa mtoto asiye na maneno inafanya kazi moja tu: inamnyamazisha. Hakuwa anauliza swali lolote darasani, kwa kuwa kuuliza vibaya kwa Kiingereza ni kuchekwa na kuuliza kwa Kiswahili ni adhabu. Yale maelezo ya dakika 10 ya prepo pia yalikuwa yanafanyika kwa kunong'ona. Suluhu ilipatikana nusu: walimu wa Hisabati na Baiolojia waliruhusu swali lianze kwa Kiingereza na limaliziwe kwa Kiswahili hadi mwisho wa muhula, na prepo ikapewa ruhusa ya wazi. Walimu wengine walikataa.

Kosa la pili lilikuwa la mpango wenyewe. Kufikia wiki ya saba daftari lilikuwa na maneno zaidi ya 250, Baiolojia na Kemia zikawa zinapanda kwenye majaribio ya wiki, Historia haikusogea. Sababu ni kwamba swali la Baiolojia la kidato cha kwanza mara nyingi linaishia kwenye sentensi moja moja, lakini Historia inataka utangulizi, hoja zilizofafanuliwa na hitimisho. Maneno 250 si aya. Ilibidi aongezewe viunzi vya sentensi: namna ya kufungua hoja, namna ya kutoa sababu, namna ya kuleta mfano, vinne au vitano tu, avitumie hadi vimchoshe. Vilipaswa kuanza wiki ya tatu.

Juni

Matokeo ya mwisho wa muhula: Hisabati 63, Fizikia 49, Baiolojia 52, Kemia 50, Historia 37, Jiografia 48, Uraia 41, Kiswahili 76, Kiingereza 43. Wastani 51. Nafasi ya 81.

Nyumbani waliona kwamba kutoka 97 hadi 81 ni hatua ndogo kwa wiki kumi za jasho. Pima kwa kipimo cha NECTA badala yake, ambako A ni 75 na kuendelea, B 65, C 45, D 30, na daraja linatokana na pointi za masomo saba bora, pointi chache zikiwa ndizo bora. Machi alikuwa na A moja, D tano, na F ya kukamilisha saba: pointi 26, daraja la nne. Juni ana A moja, C tano na D moja: pointi 20, daraja la pili. Amevuka madaraja mawili huku akipita watoto 16 tu, kwa sababu wengine nao walikuwa wanapanda ngazi hiyo hiyo. Kiswahili kimeshuka kwa alama 5. Alikitelekeza akijua kitajiendesha chenyewe, ile tabia ya zamani ikichungulia tena.

Suala la uhamisho liliwekwa kando hadi Desemba, kwa makubaliano kwamba litajadiliwa upya kama wastani ungeshuka chini ya 45 au kama angerudia kukosa usingizi. Kuhama si aibu, na kuna watoto wanaochanua wakirudi bwawa dogo. Ila kuhama mwezi Aprili, lugha ikiwa bado haijaguswa, kungempeleka shule ya kata ambako masomo yale yale nane yanamsubiri kwa Kiingereza kile kile, na kamusi bila mtu wa kumwelekeza.

Historia ndiyo iliyobaki. Swali la mwisho la karatasi ya Juni lilitaka hoja nne. Aliziorodhesha zote nne pembeni kwa penseli, sahihi, kisha akafafanua mbili kwa Kiingereza kinachosomeka, na ya tatu ikakatika katikati ya sentensi kengele ilipolia. Machi ukurasa huo ulikuwa na mistari mitatu. Muhula wa pili anaanza na saa ya mezani ya kuazima: dakika 8 kwa aya, aya mbili kila Jumanne na Alhamisi, mada anachaguliwa na mwalimu wa Historia, ambaye ni mmoja wa wale waliokataa Kiswahili darasani lakini amekubali kusahihisha.